Si Uvivu wa Muuguzi
Eti GoTHOMIS, mfumo wa kompyuta wa serikali wa taarifa za wagonjwa, unasuasua katika vituo vya afya kwa sababu wauguzi ni wavivu wa kujifunza kompyuta! Mwandishi aliyesema hivyo aje huku kwetu Nyasubi, Kahama, asubuhi ya kliniki ya watoto. Muuguzi anapima uzito, anajaza kadi, anaandika rejista ya MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya), kisha yaleyale ayaingize kwenye kompyuta. Umeme ukikatika, arudi kwenye daftari. Na huyohuyo “mvivu” anatuma pesa kwa simu bila kupelekwa semina.

Tatizo ni mfumo, si mtu. Mwaka 1999, ripoti maarufu ya Marekani ilikadiria kuwa makosa ya kitabibu yaliua wagonjwa 44,000 hadi 98,000 kwa mwaka hospitalini; ikailaumu mifumo mibovu kuliko wahudumu. Waliobuni skrini za GoTHOMIS wakalie kiti cha muuguzi siku moja, foleni ikiwatazama, ndipo tuzungumzie uvivu.