"Sehemu za Siri" Zisiwe Siri kwa Mwalimu

Katika shule nyingi za bweni kuanzia Othaya hadi Karatina na Nanyuki, mvulana anayemwambia mwalimu wa zamu kwamba tumbo linamuuma hupewa tembe mbili na kuambiwa akalale. Aghalabu tumbo ni tumbo kweli. Lakini pengine maumivu yako kwenye korodani, na kijana hana lugha ya kuyataja mbele ya mkubwa wake.

Sisi wanaisimu tunaiita tasfida: kutaja jambo kwa kulizunguka ili adabu isivunjwe. "Sehemu za siri" ni tasfida ya namna hiyo. Mtoto naye ana mantiki yake: alichofundishwa kukiita siri atakitunza kama siri, hata kikiumia. Kikuyu cha nyumbani kina miiko yake, nacho Kiingereza cha somo la sayansi hutumika siku ya mtihani, kana kwamba viungo hivyo viliumbwa kwa ajili ya watahini!

Gharama ya adabu hiyo huhesabiwa kwa saa. Korodani ikijisokota, damu haipiti. Ikifunguliwa kwa upasuaji ndani ya saa 6 hivi, kwa kawaida huokolewa. Baada ya hapo matumaini hupungua upesi. Dalili zake ni maumivu ya ghafla, uvimbe, na mara nyingi kutapika. Hapo tembe si dawa. Litafutwe gari la kumfikisha penye daktari wa upasuaji, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Kaunti mjini Nyeri, na njiani asile wala asinywe.

Msichana au mvulana aliyeangukia chuma cha baiskeli ni habari nyingine. Damu ibanwe kwa kitambaa safi. Uvimbe utulizwe kwa kitambaa cha maji baridi. Chumvi na spiriti ziachwe. Akishindwa kukojoa, au mkojo ukiwa na damu, apelekwe hospitali. Zipu iliyonasa ngozi isivutwe kwa nguvu.

Na pakiwa na shaka kwamba aliyemjeruhi ni mtu, mtoto asiogeshwe wala asihojiwe mbele ya wenzake. Awahishwe hospitali siku hiyo hiyo, maana dawa za kukinga virusi vya Ukimwi hazifai zikianza baada ya saa 72.

Vyuo vya walimu, Kamwenja kikiwa karibu nasi, vimzoeze mwalimu mwanagenzi kutamka uume, uke na korodani kwa sauti ile ile anayotamkia goti.