Mstari Mmoja Hautoshi: Kumkumbuka Baba wa Kihamba



Wapendwa taifa la Mungu, katika mwezi huu wa Novemba, ambao Mama Kanisa ameutenga kwa ajili ya kuwaombea marehemu, tumeona vema kuielekeza tafakari ya juma hili kwa marehemu mmoja ambaye tumemzika mara nyingi, kwa majina mbalimbali, katika vigango vyetu vya mlimani. Huyo ni baba wa familia, mkulima wa kihamba. Hakushika cheo serikalini wala hakuwa na duka mjini Moshi. Alibatizwa, akaoa, akalima, akasomesha, akaugua, akalala katika Bwana. Siku ya maziko wasifu wake husomwa kwa dakika chache, na kazi yake ya miaka hamsini hutajwa kwa mstari mmoja: “Marehemu alikuwa mkulima.” Kisha msomaji huendelea na orodha ya hospitali alikotibiwa.

Sisi tunasema mstari huo mmoja hautoshi. Tena tunasema kwamba kasoro hiyo haiishii kwenye karatasi. Familia isiyojua kuieleza kazi ya baba yake haitajua pia la kufanya na matunda ya kazi hiyo, na ndiyo maana mara nyingi ugomvi wa kihamba huanza kabla maua ya kaburini hayajanyauka.

Tuitazame kwanza kazi yenyewe. Wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walipoanzisha misheni ya Kilema mwishoni mwa karne ya 19, walipanda pia mibuni, na bustani ya misheni hiyo ni miongoni mwa mahali pa kwanza kuoteshwa kahawa katika mlima huu. Wakulima wetu waliipokea wakaipanda chini ya migomba. Mwaka 1925, chini ya uongozi wa Joseph Merinyo wa Old Moshi, waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, na kutokana na juhudi hizo kikazaliwa Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, mwaka 1933. Historia inamtaja Merinyo, na ni haki yake. Lakini chama kilisimama kwa sababu ya maelfu ya akina baba waliobeba magunia yao hadi kwenye mizani ya chama cha msingi, wakapokea malipo ya kwanza, wakangojea malipo ya pili. Fedha hizo ndizo zilizoezeka nyumba kwa mabati na kujenga madarasa na makanisa tunayosali hadi leo. Wengi kati yetu, tukiwemo mapadre, masista, walimu na waganga, tumesomeshwa na mibuni.

Ikafika Julai 1989, mgawo wa mauzo ya kahawa uliowekwa na mkataba wa kimataifa ukasitishwa, na bei katika soko la dunia ikaporomoka. Mkulima wa Kibosho au wa Rombo hakuhudhuria kikao chochote cha mkataba huo, lakini mzigo wake ulimwangukia yeye. Wako waliong'oa mibuni wakapanda mazao mengine, nasi hatuwalaumu, kwa sababu ada ya shule haingoji bei ipande. Jambo la kukumbuka ni hili: bei ilipoanguka, baba huyu hakuikimbia familia yake. Aliuza ndizi, akauza maziwa, akateremka tambarare kulima mahindi na maharage, akarudi jioni na jembe begani. Hatujapata kusikia jambo hilo likisomwa katika wasifu wa marehemu, na kwa maoni yetu ndilo lililostahili kusomwa kwanza.

Kihamba humfundisha mtu subira na haki. Mbuni hukaa miaka mitatu au minne kabla ya kutoa mavuno ya kwanza. Mringaringa anaoupanda mtu mzima leo utawapa kivuli watu asiowajua. Maji ya mfongo yana zamu, na anayefungua maji usiku katika zamu ya jirani amemwibia jirani yake, hata kama hakuna aliyemwona. Siku ya kusafisha mfongo kila nyumba hutoa mtu. Mkristo aliyeishi hivyo kwa miaka hamsini, asiibe maji, asisogeze masale ya mpaka, asikose zamu ya kazi ya pamoja, ameishika amri ya upendo kwa jirani kwa mikono yake. Wala tusimsifu baba kwa kumfuta mama. Ng'ombe aliyefungwa bandani aliishi kwa majani yaliyobebwa kichwani na mama, na mbolea iliyolisha migomba ilitoka katika banda hilo. Kihamba ni jasho la wawili waliofunga ndoa.

Mama Kanisa amekwisha kutuonyesha namna ya kuwatazama watu wa aina hii. Tarehe 12 Machi 1622, Papa Gregori wa 15 aliwatangaza kuwa watakatifu Inyasi wa Loyola, Fransisko Ksaveri, Teresa wa Avila na Filipo Neri. Katika siku hiyo hiyo, pamoja na magwiji hao, alimtangaza pia Isidori wa Madrid, kibarua aliyelima shamba la mtu mwingine, mume na baba. Na juzi juzi, tarehe 10 Septemba 2023, huko Markowa nchini Poland, walitangazwa wenyeheri Józef na Wiktoria Ulma pamoja na watoto wao saba, akiwemo yule aliyekuwa akizaliwa mama yake alipouawa. Józef alikuwa mkulima wa miti ya matunda na mfugaji wa nyuki. Waliwaficha Wayahudi wanane nyumbani mwao, na tarehe 24 Machi 1944 askari polisi wa Kijerumani wakawaua wote. Yatafakarini hayo: utakatifu wa baba huyo ulionekana katika jambo moja, kwamba nyumba yake ya shambani ilikuwa na nafasi kwa aliyekosa pa kwenda.

Hapo ndipo tunapofikia neno zito la tafakari hii. Tunajenga kaburi la marumaru, tunapiga picha, tunachinja. Baadaye mjane anaulizwa ataondoka lini, na binti aliyerudi nyumbani baada ya ndoa yake kuvunjika anaambiwa hana sehemu. Tunamsifu marehemu kwamba nyumba yake ilikuwa na nafasi kwa kila mtu, huku sisi tunaifunga. Huko si kumkumbuka.

Someni Kitabu cha Hesabu, sura ya 27. Mabinti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na mbele ya jumuiya yote wakadai ardhi. Hoja yao haikuwa tamaa. Walisema kwamba wasipopewa sehemu, jina la baba yao litafutika katika ukoo. Musa alilipeleka shauri lao kwa Bwana, na Bwana akawapa haki. Ni kweli kwamba Selofehadi hakuwa na mtoto wa kiume. Lakini Ayubu alikuwa na wana saba, na sura ya mwisho ya kitabu chake yatuambia kwamba aliwapa mabinti zake urithi pamoja na kaka zao. Ayubu alikuwa mtu wa mashamba na mifugo, na baba aliyeamka alfajiri kuwatolea watoto wake sadaka. Baba mwema huyo hakuona kwamba jina lake litapungua kwa kuwapa mabinti.

Tunafahamu majibu yanayotolewa. La kwanza ni mila. Mila yetu ya zamani humpa mtoto wa kwanza kihamba, na mtoto wa mwisho humwachia nyumba ya baba. Lakini tuulize sababu yake. Mtoto wa mwisho aliachiwa nyumba ili awatunze wazazi uzeeni, na mkubwa alipewa sehemu ili awe nguzo ya wadogo zake. Urithi ulikuja na wajibu. Anayechukua ardhi na kuukataa wajibu ameivunja mila, hata kama anaitaja kila siku. Zaidi ya hayo, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi.

La pili ni kwamba kihamba ni kidogo, na kikikatwa vipande kwa kila mtoto hakitamlisha yeyote. Hili ni jibu la kweli, nasi hatulidharau. Lakini kutoa haki si lazima kukata ardhi. Familia inaweza kukubaliana kwamba kihamba kibaki kimoja, mmoja akitunze, mjane akae kwake hadi mwisho wa maisha yake, na kila mtoto, wa kiume na wa kike, awe na mahali pa kufikia, haki ya kushauriwa na mahali pa kuzikwa. Jambo lisilokubalika ni mmoja kukiuza kwa siri. Nabothi alimkatalia hata mfalme shamba lake la mizabibu, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake.

La tatu tunalisikia kwa wazee wenyewe: kuandika wosia ni kujitabiria kifo. Wazee wetu, mwaonaje? Mnapopanda mringaringa mnajua wazi kwamba hamtakaa chini ya kivuli chake, na bado mnaupanda. Wosia ni mti wa namna hiyo.

Desemba inakaribia. Watoto watapanda kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na Nairobi, na nyua zitajaa magari. Tunaziomba familia zetu mambo matatu. Kwanza, kabla ya nyama na mbege, baba na mama waketi na watoto wote, wa kike wakiwemo, waseme nini kitakuwa cha nani na kwa wajibu gani. Maneno hayo yaandikwe mbele ya mashahidi. Pili, watoto wamwombe baba awatembeze kihambani, awaonyeshe mipaka na mfongo, na kila mti aliupanda mwaka gani. Mengi mtakayoyasikia hamkuyajua. Tatu, siku Bwana atakapomwita, andikeni hayo katika wasifu wake: watoto aliowasomesha kwa kahawa, mwaka alioyumba asianguke, jirani aliyempa ndizi wakati wa njaa. Hospitali alikotibiwa wekeni kwenye mstari mmoja.

Tuwaombee akina baba wetu wote waliolala katika Bwana na ambao wamezikwa katikati ya migomba waliyoipanda. Na tuwatembelee wajane wao juma hili, tukianzia na yule wa jumuiya yetu ndogondogo.

Dominika njema.