MZAZI, DAFTARI LA MWANAO LIMEFIKA TAREHE NGAPI?

Vijana wenzangu mnisamehe, leo habari za mapenzi tunaziweka kando, nataka kuongea na wazazi. Najua yupo atakayesema, huyu mtoto wa juzi, hata ndoa hajafunga, atatufundisha nini kuhusu malezi? Haya, nisikilize kwanza, kunisema utanisema baadaye.

Swali langu ni dogo tu. Mara ya mwisho umelishika lini daftari la mwanao? Sisemi kulinunua, kununua mnanunua, tena wengine kwa mkopo. Nasema kulifungua na kutazama mle ndani kuna nini.

Maana siku hizi wapo wazazi wanaoamini kuwa habari ya shule wameshaikabidhi serikali. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2002. Januari 2016 ikafutwa mpaka kidato cha nne. Wakati huo mimi nilikuwa kidato cha pili, na nakumbuka ile shilingi 20,000 ya shule ya kutwa ilivyokuwa ikitutoa jasho nyumbani. Mwaka 2022 wakaongezwa na kidato cha tano na cha sita. Jambo zuri, nani atabisha? Lakini sasa muulize baba yeyote wa mtaani kwetu mwanawe anaendeleaje, atakujibu, "Si yuko shule, elimu bure bwana!" Ukimuuliza huyo mtoto anajua nini, anakuangalia kama umemuuliza habari za mwezini.

Mwaka 2010 watu wa Uwezo walipita majumbani nchini kupima watoto kusoma na kuhesabu. Wakakuta wanafunzi wa darasa la tatu wanaoweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili ni kama mmoja kati ya kila watatu. Na wale wawili waliobaki nao walikuwa wanaaga nyumbani asubuhi, sare safi, mfuko mgongoni, wazazi roho kwatu.

Nawasikia wanaosema, sasa mimi sikusoma, daftari nitalikagua vipi? Hapo ndipo ninapotaka kuwaambia habari za mama yangu. Mama anauza dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Kusoma hajui. Ila namba anazijua kuliko mimi niliyekaa darasani miaka kumi na moja, maana sokoni usipojua namba utarudi nyumbani na beseni tupu na hela hakuna. Basi yeye alikuwa na mtindo wake. Jioni akirudi, hajakaa sawasawa, utasikia, "Leteni madaftari." Anafungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa, anatazama tarehe. Kama leo ni tarehe 14 na daftari limekomea tarehe 9, ndugu yangu, huna ujanja. Useme siku hizo ulikuwa wapi.

Akimaliza tarehe anatafuta wino mwekundu. Alama ya vema anaijua, na ya kosa anaijua. Akikuta kurasa tatu nzima hazina wino mwekundu hata tone, kesho yake anapitia shuleni na beseni lake kichwani, anamwamkia mwalimu kwa adabu zote, kisha anamuuliza, "Mwalimu, huyu mwanangu haandiki, au ni kazi zimekuwa nyingi hujapata nafasi ya kumsahihishia?" Sisi tunatamani ardhi ipasuke! Lakini nawaambia kweli, madaftari yetu yalikuwa yanasahihishwa.

Usiku wakati anasonga ugali unamsomea kwa sauti. Kama umekosea neno hawezi kujua, ila ukisitasita anajua. "Rudia hapo ulipokwama." Hiyo haihitaji cheti.

Sasa sisi wa huku ziwani daftari lina mshindani wake, naye ni dagaa. Wa bara niwaeleze. Dagaa wa Ziwa Victoria anavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa taa za sola zimezagaa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hafuati taa, kwa hiyo wavuvi wanapumzika. Giza likiingia, mitumbwi inatoka, na alfajiri mwaloni panakuwa kama gulio. Hapo anatakiwa mtu wa kukumba maji mtumbwini, wa kubeba, wa kuanika. Mtoto wa miaka 12 ana mikono na hana maneno mengi, analipwa papo hapo. Darasani kwetu madawati ya nyuma yalikuwa yanajaa mbalamwezi na kubaki wazi gizani. Ukitaka kujua nani hayupo ulikuwa huna haja ya rejista, unatazama juu tu.

Sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kufanyishwa kazi kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, na hata kazi nyepesi inaanzia miaka 14. Lakini sheria hailali Igombe wala Kayenze. Anayelala huko ni mzazi, na mzazi ndiye anayepokea ile hela.

Hapa ndipo penye mambo. Siku mtoto anapokuletea shilingi 3,000 za mwaloni na wewe unanunua unga, nakuelewa, njaa haina subira. Ila ujue kuanzia siku hiyo umepata mume mwenza ndani ya nyumba. Kesho ukimwambia nenda shule anakutazama tu. Atakujibu nini, na ugali wa jana ulikuwa wake? Nimewaona masela wengi tuliosoma nao wakipotea namna hiyo, wala si kwa bangi wala kwa wizi. Walipotea kwa kusifiwa. "Huyu kijana anajituma!" Leo wana miaka ishirini na kitu, bado wanakumba maji katika mitumbwi ya watu.

Musoma hapo, ng'ambo kidogo ya sisi, Mwalimu Nyerere alianza darasa la kwanza mwaka 1934, shule ya Mwisenge, umri miaka 12. Kabla ya hapo alikuwa mtoto wa kuchunga. Utaniambia yule alikuwa mtoto wa chifu. Sawa, lakini mbuzi wa chifu nao wanahitaji mchungaji, na mzee Burito alikubali kupungukiwa mikono.

Lingine, na hili naligusa tu. Ukikuta daftari ni tupu, fimbo iache ukutani. Ukichapa leo, kesho daftari halionekani, keshokutwa mtoto naye haonekani. Miaka ya 1990 Mwanza hii hii kulikuwa na Kuleana, waliokuwa wakihudumia watoto wa mitaani na kupiga kelele kuhusu viboko. Mama yangu mkali balaa, ila kwa daftari alikuwa haulizi kwa fimbo. Anauliza, anasubiri. Kile kimya chake afadhali ungechapwa.

Nyumbani tunaye mdogo wangu wa mwisho, yuko darasa la saba, mtihani ni Septemba. Kijana ana kifua, na hesabu zinapanda. Juzi tajiri mmoja wa kambi ya visiwani ametuma salamu, anamtaka giza hili linaloingia, wiki mbili tu, na ameahidi kumlipia mama gunia la dagaa. Gunia zima, jamani! Dogo mwenyewe ameshaanza kupanga nguo. Mimi nachangia ninachoweza, ila malipo ya safu hii mhariri anayajua, tusifukuane. Mama amekaa na lile neno siku mbili hasemi kitu. Jana jioni amerudi kutoka Mwaloni, ametua beseni, akamwita, "Leta daftari." Limefika tarehe ya jana. Akalifunga, akaniambia nimpigie yule tajiri nimwambie atafute mtu mwingine, na unga wa wiki hii atakopa kwa jirani.