Fungeni Hesabu Kwanza, Ndipo Muwashe Taa

Mwezi huu naomba tuziweke pembeni mada zetu za nani kasoma meseji za nani. Nataka nikupeleke Kilosa. Ndiyo, Kilosa ile ile ya Morogoro, mji wa reli na Mto Mkondoa, mahali nilipokulia. Na nataka tuongelee Diwali, sikukuu ya taa ya Wahindu. Najua unajiuliza, Diwali na mapenzi wapi na wapi? Tulia, utaniambia mwenyewe mwishoni.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa reli. Miaka ile ya tisini mshahara ulikuwa unachelewa kama treni yenyewe, na familia nyingi za mtaani kwetu ziliishi kwa mkopo wa duka. Duka letu lilikuwa la mzee mmoja wa Kihindi na mkewe, tuliyemwita Bibi wa Dukani. Ukimwamkia "Shikamoo Bibi" anaitikia "Marahaba mjukuu wangu" kwa Kiswahili safi kuliko cha mwalimu wetu wa darasa la pili. Ukutani pale palibandikwa karatasi: LEO FEDHA, KESHO MKOPO. Lakini chini ya meza kulikuwa na daftari kubwa lenye jalada jekundu, na humo ndani jina la mama yangu lilikuwa na ukurasa wake.

Kila mwaka, kati ya Oktoba na Novemba, kulikuwa na usiku mmoja ambao kibaraza cha duka lile kilijaa vitaa vidogo vya udongo. Mlangoni Bibi alichora maua kwa unga wa rangi. Kisha akawatuma wajukuu zake majumbani na sahani za ladu, barfi na chevda. Sisi watoto tulijua kitu kimoja tu: leo ni sikukuu ya Wahindi, leo kuna vitamu.

MHINDI AU MHINDU?

Hapa tusahihishane kidogo. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India. Mhindu ni muumini wa dini ya Kihindu. Wahindi wengi unaokutana nao hapa Bongo ni Waislamu: Waismailia, Mabohora, Ithnaasheri. Wapo Wagoa ambao ni Wakatoliki, na wapo Masingasinga. Kwa hiyo usimkimbilie kila Mhindi ofisini kwako na kumwambia "heri ya Diwali". Muulize kwanza, haina ubaya.

Jina lenyewe linatokana na neno la Kisanskriti dipavali, maana yake safu ya taa. Sikukuu inaangukia usiku usio na mwezi kabisa, ndiyo maana tarehe huhama kila mwaka. Mwaka 2025 ilikuwa 20 Oktoba, na mwaka 2026 ni 8 Novemba. Yaani wanachagua usiku mweusi kuliko yote, halafu wanawasha taa.

Hadithi maarufu ni ya Rama, mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwao Ayodhya na kukaa porini miaka 14. Mkewe Sita angeweza kubaki ikulu akila raha, lakini akamfuata mumewe. Huko porini akatekwa na Ravana, mfalme wa mashetani, na Rama akapigana vita mpaka akamkomboa. Waliporudi nyumbani, watu waliwasha taa njia nzima kuwapokea. (Akina dada, najua mtauliza. Ndiyo, katika hadithi hiyo Sita alitakiwa apite kwenye moto kuthibitisha kwamba hakuguswa. Hata kwenye hadithi takatifu, mwanamke ndiye aliyedaiwa risiti.)

Wajaini nao huiadhimisha siku hiyo kumkumbuka Mahavira, na Masingasinga hukumbuka kufunguliwa kwa Guru Hargobind kutoka gerezani. Taa ni zile zile, kila mmoja na sababu yake.

SIKU TANO, SI MOJA

Wahindu wengi wa Tanzania asili yao ni Gujarat na Kachchh, magharibi mwa India. Kwao Diwali ni siku kadhaa, na kila siku ina kazi yake.

Siku ya kwanza, Dhanteras, watu hununua dhahabu, fedha au hata sufuria mpya. Ya pili, Kali Chaudas, ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Baadhi ya familia za Kigujarati hukaanga bajia, wakaenda kuziacha njia panda ili kutoa ugomvi ndani ya nyumba. Najua kwetu ukikuta chakula njia panda unageuza njia na kukemea! Lakini fikiria: familia nzima inakubaliana kwamba ugomvi upo, na leo tunautoa nje.

Siku ya tatu ni Diwali yenyewe. Taa huwashwa, milango huachwa wazi ili Lakshmi, mungu wa kike wa mali na neema, aone njia ya kuingia. Nyumba iwe imefagiliwa, maana haingii penye uchafu. Na watoto hulipua fataki (nasema fataki za kulipuka angani, si wale Fataki wa tangazo la redio wanaofukuzia mabinti wa shule).

Baada ya hapo ni mwaka mpya wa Kigujarati. Watu huvaa nguo mpya, hugusa miguu ya wazee kuomba baraka, na husalimiana "Saal Mubarak". Hiyo mubarak unaijua, ni ile ile ya Idd. Ya mwisho ni Bhai Bij, siku ya kaka na dada. Kaka huenda kwa dada yake, dada humpaka alama kwenye paji la uso na kumlisha, kaka humpa zawadi. Wewe kaka unayesoma hapa, mara ya mwisho ulikula kwa dada yako lini?

DAFTARI JEKUNDU

Sasa tuje kwenye lile daftari. Wafanyabiashara wa Kigujarati walifunga hesabu zao za mwaka wakati wa Diwali. Daftari la zamani lilifungwa, jipya likafunguliwa na kuombewa dua. Ibada hiyo inaitwa Chopda Pujan. Kwenye kurasa za mwanzo huandikwa maneno mawili, shubh na labh, yaani heri na faida. Siku hizi wengine huweka kompyuta mezani na kuiombea.

Na usidhani hayo ni mambo ya mbali na sisi. Ukisema pesa, laki, bima, hundi, umeshaongea maneno yaliyotoka kwao. Hata neno Banyani linatokana na neno la Kigujarati la mfanyabiashara. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, na penye stesheni maduka yao yakafuata. Tukatunga methali: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Tulimsema, lakini shida ikija tunagonga mlango wake.

Mwaka mmoja baba aliumwa miezi mitatu. Ukurasa wa mama ukajaa, ukamwagikia ukurasa wa pili. Siku chache kabla ya Diwali mzee wa duka akamwita. Nilikwenda naye, nimeshika kanga yake. Nilidhani tutafukuzwa.

Mzee akafungua daftari, akavaa miwani, akaanza kusoma. Mstari mmoja mmoja. Sukari, mafuta ya taa, sabuni, chumvi. Mama akasikiliza. Kwenye sukari moja akasema, "Hapana Babu, hiyo siku nililipa, hata Bibi alikuwepo." Bibi akafikiria, akatikisa kichwa kukubali. Mzee akakata mstari. Walipomaliza wakajumlisha, wakakubaliana kiasi kilichobaki kitalipwa kidogo kidogo. Mzee akakihamishia kwenye daftari jipya, kwa mstari mmoja tu.

Deni halikufutwa, mpenzi msomaji. Naomba uelewe hapo. Ila lilisomwa na wote wawili, likasahihishwa, likapunguzwa hadi ukweli wake. Usiku ule sahani ya ladu ilikuja kwetu kama kawaida, na mama aliirudisha na maandazi. Sahani ya jirani hairudi tupu.

MIKUMI, UMEME UMEKATIKA

Oktoba 2025 mimi na mume wangu tulikwenda Mikumi, mwisho wa wiki, kusherehekea miaka sita ya ndoa. Mikumi ni hifadhi tangu 1964, na barabara kuu ya Iringa inapita katikati, kwa hiyo unaona tembo na twiga hata kabla hujalipa kiingilio. Picha zetu zilikuwa bomba. Ukweli ni kwamba tulikuwa tumenuniana tangu Chalinze.

Miezi kumi na moja kabla, niliona meseji kwenye simu yake: ametuma laki nane kwa mdogo wake. Hakuniambia. Na mimi sikumuuliza. Nikaandika kwenye daftari langu la moyoni, nikawa naongeza riba. Akichelewa kurudi, laki nane. Akisema hela ya ada bado, laki nane. Yeye hajui kosa lake, anashangaa tu mke amekuwa baridi.

Jumamosi tulichukua barabara ya Kilosa, nikamwonyeshe nilipokulia. Kibaraza bado kipo. Duka lina wenyewe wengine, wanauza vocha na vipuri vya pikipiki. Bibi na mzee walihama siku nyingi, wakawafuata wanao Uingereza. Hawakuwa wa kwanza. Wahindi wengi walianza kuondoka nchini baada ya sheria ya mwaka 1971, iliyotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi laki moja. Na walipokwenda walibeba taa zao. Kule Leicester, ambako jamaa wengi wa Kihindi kutoka Afrika Mashariki walihamia, Diwali ya Belgrave Road ni miongoni mwa sherehe kubwa kabisa za Diwali nje ya India.

Nilisimama pale kibarazani nikamsimulia mume wangu habari ya daftari jekundu. Akacheka. Halafu akanyamaza.

Usiku, tumerudi Mikumi, umeme ukakatika. Mhudumu akatuletea mshumaa. Tukawa tunatazamana tu. Nikasema, "Mume wangu, mimi nina daftari. Naomba nikusomee." Akasema, "Soma. Na mimi ninalo."

Nikaanza na laki nane. Akashusha pumzi. Mtoto wa mdogo wake alilazwa, na mdogo mtu alimwomba kwa Mungu asimwambie mtu, maana alikuwa amefukuzwa kazi na mkewe mwenyewe hajui. Sawa, bado alipaswa kuniambia, na alikubali hivyo. Lakini riba yangu yote ya miezi kumi na moja ilikuwa imejengwa juu ya wazo kwamba hela ilikwenda kwenye starehe. Nikakata mstari.

Ikaja zamu yake. Nilitegemea atasema mambo ya jikoni. Akasema, "Arobaini ya mama. Ulikuja asubuhi, ukaondoka mchana. Gazeti linakwenda mtamboni. Shangazi zangu waliniuliza mkeo yuko wapi, nikawadanganya kwamba unaumwa."

Miaka miwili alikuwa na huo mstari. Miaka miwili! Na mimi, mhariri wa safu ya mapenzi, sikuwa na habari. Sikuwa na la kubishia, hakuna Bibi wa kunitetea kwamba nililipa. Nililia. Deni hilo halikukatwa usiku ule, na wala sikuomba likatwe. Tulilihamishia kwenye daftari jipya, na nimeshaanza kulipa: Desemba nilikwenda kwa shangazi zake, peke yangu, nikakaa siku nne, nikasema ukweli.

JARIBUNI NA NINYI

Huhitaji kuwa Mhindu wala kuombea daftari. Chagueni usiku mmoja kwa mwaka, mzime simu, na mfuate haya:

Kila mmoja asome lake, mwenzake asikilize mpaka mwisho. Usijibu mstari wa kwanza kabla hujasikia wa mwisho.

Mstari usio wa kweli ukatwe hapo hapo, na usirudi tena mwakani.

Wa kweli uandikwe mara moja tu, bila riba, na mkubaliane unalipwaje.

Mkishamaliza, ndipo muwashe taa na mle kitu kitamu. Msianze na keki ya miaka sita wakati hesabu haijafungwa. Sisi tulijaribu, haishuki.

Na kama una jirani au mfanyakazi mwenzako Mhindu, mtakie heri siku hiyo. Kenya, Diwali ni mapumziko kisheria kwa Wahindu. Kwetu si sikukuu ya kitaifa, kwa hiyo huenda huyo jirani ataamka alfajiri, awahi kazini, na awashe taa zake jioni akiwa amechoka. Ukialikwa, vua viatu mlangoni, usipeleke nyama wala pombe, na usikanyage maua ya unga pale kizingitini. Ukiletewa sahani, unajua la kufanya. Hairudi tupu.

Tukutane mwezi ujao. Wasalimie nyumbani.