Pete ya kucha si ya mkono unaofanya kazi

Bamura wa Ekerenyo, leo naongea na nyinyi. Mkitaka kunitusi mnitusi, lakini msome mpaka mwisho.

Hii tabia ya kununua pete ambayo jiwe limesimama juu ya vyuma vinne vyembamba kama kuku amepanda kwa waya, halafu unamvisha msichana ambaye kesho asubuhi anaingia kuchuma majani chai, iishe. Hiyo umemwongezea kazi nyingine, na unaiita zawadi.

Wengi mnadhani swali la pete ni moja tu: jiwe kubwa ama dogo? Swali ambalo karibu hakuna mtu anauliza ni hili: hilo jiwe limeshikwaje? Na hapo ndipo pete inaponea ama inapokufa.

Wacha niweke wazi kwanza. Kuna pete ya kucha: vyuma vinne ama sita vinatoka kwa pete, vinapanda juu na kulibana jiwe kwa ncha. Kuna ya ukingo: jiwe linazungukwa pande zote na mkanda wa dhahabu, kama kioo cha saa. Kuna ya kuzamishwa: jiwe linaingizwa ndani ya chuma chenyewe mpaka uso wake unalingana na pete, ukipitisha kidole hauhisi kitu kimesimama. Kuna ya mfereji: vijiwe vidogo vinapangwa kwa mstari katikati ya kuta mbili. Halafu kuna ile mnaipenda sana kwa simu: jiwe moja katikati, limezungukwa na vijiwe vingine vidogo vidogo ili lionekane kubwa.

Ukiangalia zile video za watu wakipiga goti, karibu zote ni kucha. Kwa nini? Kwa sababu kucha inainua jiwe, na kamera inapenda kitu kilichoinuka. Lakini kamera inaangalia mkono sekunde kumi na tano. Huo mkono utafanya kazi miaka arobaini.

Sasa hesabu. Mimi niliacha chuo, sina digrii ya vito wala ya kitu kingine, lakini hii ni hesabu ya shule ya msingi. Karati moja ya almasi ni gramu 0.2. Jiwe la nusu karati ni gramu 0.1, upana wake kama milimita 5. Limeshikwa na kucha nne. Kucha moja ikipinda, jiwe linaanza kucheza. Ya pili ikipinda, limeenda. Haya, toka uende utafute gramu 0.1 chini ya majani chai, saa moja asubuhi, kuna umande, na majani yaliyooza yamejaa chini. Mtapiga magoti tena, safari hii nyinyi wawili, na hakuna mtu atarekodi.

Anayechuma majani anaingiza vidole kwa mti, anakata majani mawili na chipukizi, anarusha kwa kikapu nyuma, anarudia. Mara elfu kadhaa kwa siku moja. Kila mara kucha za pete zinakutana na tawi. Dhahabu nayo si chuma cha jembe. Ni laini, ndiyo maana inachanganywa na metali zingine: ile ya karati 18 ni asilimia 75 dhahabu, ya karati 14 ni kama asilimia 58. Hata hivyo kucha inaisha polepole kama ncha ya panga, na fundi wa kuijenga upya humpati hapo stage.

Utaniambia, "Lakini bibi yangu hachumi majani, ni nesi." Sawa. Muulize nesi yeyote kuhusu glavu na pete ya kucha, zinachanika. Ni msusi? Nywele za mteja zinanasa. Ni mwalimu? Chaki inajaa chini ya jiwe. Ni mama wa mtoto mchanga? Muogeshe mtoto na kitu chenye ncha nne kidoleni halafu uniambie. Na hao wote wakifika nyumbani kuna chapati za kukanda na sufuria za kusugua. Mkono usiofanya kazi kwetu hapa, nionyesheni mmoja.

"Almasi ni ngumu kuliko kitu chochote, haiwezi kuumia." Nusu ukweli, na huo nusu ndio unauza. Kwa kipimo cha Mohs cha ugumu wa mawe, almasi iko 10, juu kabisa. Jiwe letu la Tabaka linachongwa kwa kisu, liko huko chini. Lakini ugumu huo ni wa kukwaruzwa. Kugongwa ni hadithi nyingine. Almasi ina mistari ndani yake ambayo ikipigwa vibaya inapasuka, na mahali pa hatari ni ukingo mwembamba wa pembeni. Pete ya kucha inauacha huo ukingo wazi. Pete ya ukingo inaufunika wote.

"Lakini jiwe likizungukwa na chuma halimetameti." Hiyo pia nimeisikia. Almasi iliyokatwa vizuri inapokea mwanga kupitia uso wake wa juu, mwanga unagonga pande za chini, unarudi juu kwa jicho lako. Kile kinachozima almasi haraka ni mafuta. Almasi inashikana na mafuta vibaya sana, mpaka migodini walikuwa wanapitisha mchanga na maji juu ya meza zilizopakwa grisi: mawe mengine yanateleza, almasi inabaki imenata. Sasa wewe umenunua pete iliyo wazi chini, mafuta ya chapati yanaingia, unga unafuata. Miezi mitatu jiwe linakaa kama kipande cha chupa, halafu unamlaumu aliyekuuzia.

Hizi kucha hazikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka wa 1886 duka la Tiffany la New York lilianza kuuza pete ya kucha sita, jiwe limeinuliwa juu. Mwaka wa 1947 kampuni ya matangazo iliyofanyia kazi De Beers ikatunga ule msemo kwamba almasi ni ya milele. Mwaka huohuo, hapa kwa jirani Mwadui, Shinyanga, kulipatikana almasi ya waridi ya karati 54.5. Mwenye mgodi, John Williamson, akampa binti mfalme Elizabeth kama zawadi ya harusi. Ilikatwa ikabaki karati 23.6, na unajua iliwekwa wapi? Kwa bruchi ya kubandika kifuani. Hata huko ikulu jiwe la harusi halikulazimika kukaa kidoleni, na yule hakuwa na sufuria za kusugua.

Sasa nyinyi wa "mila zetu hazina pete", pia mnisikize. Magokoro zetu walivishwa chuma. Katika enyangi, mwanamke aliwekewa ebitinge, pete za chuma miguuni, na kila mtu akajua huyu ni mke wa mtu. Hazikuwa na jiwe la kuanguka. Alilima nazo, alibeba maji nazo. Mhunzi wa Kigusii alielewa kitu ambacho sonara wa mtandaoni anajifanya haelewi: alama ya ndoa inatengenezwa kwa ajili ya mwili unaofanya kazi.

Na sisemi turudi kwa ebitinge. Chuma kilikuwa chake yeye peke yake, mume alitembea mguu mtupu. Kuvishwa chuma ndiyo ilikuwa ndoa yenyewe, hakuna aliyemuuliza kama angependa kingine. Na hapa ndipo nawashika bamura wa leo: bado hammuulizi. Unaenda Nairobi peke yako na bonasi ya majani, ama mbaya zaidi na mkopo wa simu, unachagua pete ya kidole ambacho si chako, halafu unaiita sapraizi.

Kinachofuata tunakijua wote. Pete inanasa kwa sweta. Pete inamkwaruza mtoto. Anaitoa, anaiweka kwa kikombe kabatini. Siku moja anaenda soko bila pete na maneno yanaanza. Mama mkwe anauliza mbona kidole kitupu. Wewe mwenyewe unauliza, na sauti imebadilika. Yaani umemnunulia kitu ambacho hawezi kufanya kazi nacho, halafu akikitoa afanye kazi, unahesabu ni dalili ya kutokuwa mwaminifu. Manze, hiyo ni haki gani?

Kwa hivyo mimi msimamo wangu ni huu. Kama lazima iwe almasi, iwe ya kuzamishwa ama ya ukingo, hata kama jiwe litaonekana dogo. Ndiyo, inakula dhahabu zaidi. Ndiyo, ni ngumu kuongeza ukubwa baadaye kidole kikinenepa, kwa hivyo pimeni vizuri. Nendeni dukani wawili. Kabla ya kulipa, pitisha pete juu ya sweta yako hapo hapo mbele ya muuzaji. Ikinasa uzi mmoja, rudisha. Kama unataka sapraizi, mshangaze na tarehe ya kwenda kwao na ng'ombe.

Na kama pesa hazitoshi, pete ya duara tupu, bila jiwe, imetosha kabisa. Wasabato wengi hapa kwetu wanafunga harusi bila pete yoyote na ndoa zinasimama. Sheria ya Ndoa ya 2014 nayo haidai pete, inataka ndoa iandikishwe. Cheti hakina kucha.

Kuna beshte yako anapanga kupiga goti Desemba. Unamjua. Mtumie hii kabla hajalipa diposti.