Kumchagulia Binti Shule ya Sekondari: Wito, Hesabu na Dhamiri

Kila mwaka, mtihani wa kumaliza elimu ya msingi unapopita mwezi Septemba, familia nyingi za waamini wetu huanza kuhangaikia jambo moja: binti yetu aende shule gani? Fomu za kujiunga hununuliwa, matangazo husomwa kwenye simu, na ndugu walioko mijini huulizwa habari za shule ambazo wazazi wenyewe hawajapata kuziona. Tunaandika makala haya tukiifikiria Mkwaja, kata ya Wilaya ya Pangani iliyo kati ya Bahari ya Hindi na Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Familia inayoishi kwa uvuvi, minazi na kilimo haiwezi kujaribu shule moja na kuhamia nyingine pale mambo yanapoharibika. Fedha iliyokwisha kulipwa hairudi, na miaka ya binti pia hairudi.

Tuanze na kilichopo. Tangu Januari 2016 elimu ya sekondari katika shule za Serikali hutolewa bila ada hadi kidato cha nne, na tangu mwaka 2022 nafuu hiyo ilifikishwa hadi kidato cha tano na cha sita. Kila mtoto aliyefaulu mtihani wa darasa la saba hupangiwa shule na Ofisi ya Rais, TAMISEMI. Wengi hupangiwa shule za kutwa za kata zao. Wachache wenye alama za juu sana hupangiwa shule za vipaji maalumu, ambazo kwa wasichana ni Kilakala ya Morogoro, Msalato ya Dodoma na Tabora Wasichana. Katika shule hizo mzazi haombi nafasi wala hanunui fomu. Alama za mtoto ndizo zinazosema. Kwa hiyo mtu yeyote anayekuja na ahadi ya kumwingiza binti yako Kilakala kwa malipo ni mwongo, na fedha yako ataila.

Njia ya pili ni shule zisizo za Serikali, zikiwamo shule za Kanisa. Jimbo letu la Tanga lina historia ya kujivunia katika malezi ya wasichana. Kifungilo, huko Lushoto, ni jina linalojulikana nchi nzima. Mazinde Juu, katika milima hiyohiyo ya Usambara, ilianzishwa mwaka 1989 na Padre Damian Milliken, Mbenediktini, wakati ambapo wasichana wengi wa milimani hawakuwa na tumaini la kuvuka darasa la saba. Kusini yetu, Bagamoyo, mahali ambapo wamisionari wa Shirika la Roho Mtakatifu walifungua misioni mwaka 1868, ipo shule ya wasichana ya Marian. Shule hizi huchuja waombaji kwa mitihani yao ya kujiunga, na kila mwaka waombaji ni wengi kuliko vitanda.

Hapo binti wa Mkwaja hukutana na vikwazo ambavyo mwenzake wa Dar es Salaam havijui. Kikwazo cha kwanza ni lugha. Katika shule za msingi za Serikali mtoto amesoma masomo yote kwa Kiswahili, lakini sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na shule nyingi huuliza maswali ya mchujo kwa Kiingereza. Binti mwenye akili nzuri ya hisabati aweza kukosa swali kwa sababu hakuelewa maneno yake. Kikwazo cha pili ni umbali. Kutoka Mkwaja hadi Lushoto ni kuvuka Mto Pangani, kupita Muheza na Korogwe, kisha kupanda milima kutoka Mombo. Barabara mpya ya Tanga hadi Bagamoyo kupitia Pangani na Saadani inaleta matumaini, lakini mzazi bado anapaswa kujiuliza ni mara ngapi kwa mwaka ataweza kulipa nauli, na nani atamfikia mtoto akiugua. Kikwazo cha tatu ni ada, ambayo katika shule nyingi za bweni hufika shilingi milioni kadhaa kwa mwaka, mbali na sare, godoro, vitabu na michango.

Kwa kuona vikwazo hivi, wapo wanaosema binti asome popote palipo karibu, na mambo yaishe. Wapo pia wanaouza shamba la minazi ili mradi jina la shule lisikike kijijini. Kwa maoni yetu pande zote mbili zimeanza mahali pasipofaa. Wa kwanza wameanza na mfuko, wa pili wameanza na sifa. Mzazi Mkristo anapaswa kuanza na mtoto mwenyewe.

Mafundisho ya Kanisa katika jambo hili ni wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 797, inadai wazazi wawe na uhuru wa kweli wa kuchagua shule. Kanuni inayofuata inawahimiza wawapeleke watoto katika shule zinazotoa malezi ya Kikatoliki. Na pale wasipoweza, inawadai wahakikishe mtoto anapata malezi hayo nje ya shule. Tuzingatie sehemu hii ya mwisho. Kanisa halimhukumu mzazi ambaye binti yake anasoma shule ya kata. Linamwambia kwamba wajibu wake unaendelea, na linatuambia sisi wa parokia kwamba hatuwezi kumwachia wajibu huo peke yake.

Kuanza na mtoto maana yake ni kuuliza maswali ya kweli. Je, afya yake inaruhusu kuishi bweni katika baridi ya milimani? Amezoea kulala mbali na mama? Anapenda nini, na walimu wake wanasema ana nguvu katika somo gani? Maswali haya yana uzito zaidi sasa, kwa kuwa Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mikondo miwili katika sekondari: mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Binti mwenye mikono ya ufundi hapaswi kulazimishwa kuwa daktari kwa sababu jirani ana daktari. Naye anayependa sayansi asielekezwe kwenye ushonaji kwa sababu tu ni msichana. Aulizwe, na asikilizwe.

Baada ya mtoto ndipo tuitazame shule. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na siku hizi matangazo ya shule hujitembeza sana. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora, na tangu Januari 2023 matokeo ya kidato cha nne yametoka bila orodha hiyo. Hata hivyo wapo wanaoendelea kujitungia orodha zao na kuzisambaza. Mzazi ana njia bora zaidi. Matokeo ya kila shule yako wazi katika tovuti ya Baraza, na yeyote mwenye simu aweza kuyasoma, au akamwomba mwalimu amsomee.

Asitazame divisheni ya kwanza peke yake. Atazame idadi ya watahiniwa wa kidato cha pili, kisha idadi ya watahiniwa wa kidato cha nne miaka miwili baadaye. Kama mia moja walifanya upimaji wa kidato cha pili na sitini tu ndio waliofika kidato cha nne, aulize wale arobaini walikwenda wapi. Huenda walihama kwa sababu njema. Huenda pia waliondolewa ili wasiharibu wastani wa shule. Shule inayochagua wasichana hodari, kisha inawatoa wanaochechemea, lazima itakuwa na matokeo mazuri, lakini matokeo hayo hayatuonyeshi namna inavyofundisha. Afadhali shule inayompokea mtoto wa wastani na kumfikisha salama kidato cha nne.

Aulize pia mambo yasiyoandikwa katika tovuti. Shule ina namba ya usajili ya Wizara ya Elimu? Nani analala bwenini pamoja na wasichana? Mtoto akidhulumiwa au akisumbuliwa, amwambie nani, na mzazi ataarifiwa lini? Ada inalipwa kwa awamu ngapi, na mtoto hufanywaje awamu ikichelewa? Yapo maji ya kutosha na faragha kwa msichana aliye katika siku zake? Shule njema haikasirikii maswali haya, hata ikiwa shule ya Kanisa.

Tuje kwenye hesabu, maana Bwana wetu mwenyewe alifundisha kwamba mwenye kujenga mnara huketi kwanza akahesabu gharama. Sekondari ya kawaida ni miaka minne. Familia ihesabu miaka yote minne, siyo ada ya kidato cha kwanza pekee. Tunawaona mabinti wanaoingia shule za gharama Januari kwa shangwe, na kufikia kidato cha pili wakarudishwa nyumbani mara kwa mara kufuata ada. Binti anayekosa masomo majuma matatu kila muhula hapati elimu bora kwa sababu ya jina la shule. Hesabu hiyo iwaguse pia kaka na dada zake. Si haki kumsomesha mmoja kwa kuwanyima wengine daftari, na ni dhuluma kubwa zaidi pale mvulana anapopewa milioni na msichana akaambiwa asubiri.

Maana kusubiri kwa msichana kuna hatari yake. Binti anayekaa nyumbani bila shule huanza kuulizwa habari za kuolewa. Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019, zilitamka kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakiuka Katiba. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanampa kifungo cha miaka 30 anayemwoa mwanafunzi au kumpa mimba. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani. Sheria hizi zinahitaji wazazi na majirani wa kuzisimamia. Kwa binti wa pwani, dawati alilokalia leo, hata la shule ya kata, ni ulinzi kuliko ahadi ya shule nzuri ya mwakani.

Kuna jambo jingine la kujiandaa nalo mapema. Kwa mitaala mipya, watoto walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi katika darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao darasa la saba la utaratibu wa zamani litamaliza. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Ushindani wa nafasi katika shule zinazochuja utakuwa mkali, na madarasa ya shule za kata yatajaa. Mzazi mwenye binti katika madarasa hayo aanze sasa kumsomea vitabu vya Kiingereza jioni, au kumtafutia mwenye kumsomea, na aanze sasa kuweka akiba.

Neno letu la mwisho linaihusu familia nzima ya jimbo. Mtaguso uleule uliomkumbusha mzazi wajibu wake uliwakumbusha pia wachungaji kwamba shule ya Kikatoliki iwajali hasa maskini. Tukiri kwamba binti wa mvuvi hawezi kulipa ada za shule zetu nyingi. Hatuzilaumu shule, walimu wanadai mishahara na mabweni yanadai matengenezo. Lakini parokia yenye jumuiya kumi yaweza kumsomesha binti mmoja. Kila jumuiya ikichanga kidogo kila mwezi, na WAWATA wakasimamia daftari, ada ya mtoto mmoja hupatikana, na mwaka unaofuata tukamfikiria wa pili. Achaguliwe kwa uwazi, kwa bidii yake na hali ya nyumbani kwake, wala si kwa kuwa baba yake ni kiongozi.

Na wale tisini na tisa wanaobaki katika shule ya kata tusiwasahau. Walimu waamini waliostaafu wanaweza kutoa saa mbili za Kiingereza na hisabati kila Jumamosi katika ukumbi wa kigango, na mlango uwe wazi kwa watoto wa jirani zetu Waislamu, ambao tunavua na kulima pamoja nao. Katekista apange siku ya dini na mkuu wa shule. Wazazi wahudhurie vikao vya shule na kuuliza juu ya chakula cha mchana na usalama wa njia, maana mtoto anayetembea kilomita nyingi kwa njaa hawezi kufaulu popote.

Tunawaalika wazazi wa Mkwaja, na wa pwani yetu yote, waketi na binti zao kabla ya kununua fomu yoyote, wasali pamoja, wahesabu pamoja, na waamue pamoja. Mungu aliyempa kila mtoto talanta yake hatatuuliza jina la shule. Atatuuliza kama tuliilinda talanta ile hadi ikazaa matunda.

Tumsifu Yesu Kristo.