Spika Zenye Nguvu Zake na Haki ya Jirani



Katika nyumba za ndugu zetu wa Meru na Embu, wako wanaosikiliza darsa na kisomo cha Qur'ani kwa spika za studio zilizounganishwa na mtambo wa sauti wa sebuleni. Ni jambo jema, lakini lina adabu yake.

Spika hizi zina amplifaya ndani yake, na huchomekwa kwenye umeme. Basi msiziunge kamwe pale nyuma ya mtambo panapofungwa nyaya za spika za kawaida. Hapo hutoka sauti iliyokwisha kukuzwa, nayo yaweza kuziunguza. Tafuteni matundu yaliyoandikwa PRE OUT, yatoayo sauti isiyokuzwa. Yasipokuwapo, tumieni tundu la hedifoni la runinga.

Washeni mtambo kwanza, spika mwisho; mkizima, spika zitangulie. Mkisikia mvumo, msikate ile pini ndefu ya plagi ipelekayo ardhini umeme uliovuja. Umeme wa Kenya ni volti 240, na pini hiyo ni kinga ya watoto wenu. Jaribuni kwanza kuchomeka vifaa vyote mahali pamoja.

Kisha kumbukeni kwamba huko Waislamu ni wachache, na jirani asiye wa dini yetu huijua dini kwa mwenendo wetu. Akikoseshwa usingizi, hata kwa kisomo, tumemdhulumu. Sauti na ikome ukutani mwetu.

Wallahu aalam.